Rubani wa Mirihi na paneli za Bamako: uchambuzi wa kisa cha Cheick Modibo Diarra

Wati 16. Hiyo ndiyo nguvu yote iliyotoka kwenye paneli ya kigari Sojourner wakati jua la Mirihi likiwa utosini. Paneli ndogo zinazopangwa nje ya maduka ya Kariakoo, zile za kuwasha taa mbili na kuchaji simu, nyingi zinaizidi. Kwa wati hizo 16, kigari chenye uzito wa kilo kumi na nusu kilitembea katikati ya mawe ya sayari nyingine, kikapiga picha, kikapima miamba na kurudisha majibu kwa chombo mama kilichokibeba. Nafundisha umeme wa jua kwa vijana wa ufundi, na kila mwaka somo la kwanza naanza na tarakimu hiyo. Kisha nawaambia kwamba miongoni mwa watu waliokifikisha kigari kile Mirihi alikuwemo mtu wa Nioro du Sahel, Mali, aliyepitia sekondari ya ufundi Bamako. Darasa hunyamaza. Halafu mmoja huuliza: alirudi?

Alirudi, na hicho ndicho kisa ninachotaka kukichambua. Habari nyingi za Cheick Modibo Diarra humwacha Mirihi, Julai 1997, watu wakipigiana makofi katika chumba cha udhibiti kule Pasadena. Mimi nataka kumfuata kuanzia hapo. Mwaka 1999 alipunguza saa zake za kazi NASA ili ashughulikie elimu barani Afrika. Mwaka 2002 akachukua likizo kwenda kuanzisha maabara ya nishati ya jua Bamako. Kisha akawa Nairobi, akiongoza chuo kikuu ambacho madarasa yake yalikuwa kwenye vyuo vya wengine. Katika miaka ile sita hivi, mwanasayansi wa anga alijaribu kuleta nchi kavu kile alichokijua angani. Naamini tatizo aliliona sawasawa. Naamini pia kwamba jambo moja alilolijua kuliko wengi, kukaa na chombo hadi kifike, ndilo ambalo kazi zake za huku hazikulipata vya kutosha.

Nioro, Paris, Washington, Pasadena

Nioro du Sahel uko kaskazini magharibi mwa Mali, jirani na mpaka wa Mauritania, mahali ambapo jua halihitaji kutangazwa. Diarra alizaliwa huko mwaka 1952, miaka minane kabla ya Mali kupata uhuru. Ile sekondari ya ufundi naitaja kwa makusudi. Kwetu mtoto mwenye alama za juu husukumwa kwenye sayansi za vitabu, na ufundi huonekana makimbilio ya walioshindwa. Huyu alipita mlango wa ufundi, kisha akaenda Paris katika Chuo Kikuu cha Pierre na Marie Curie kusoma hisabati, fizikia na mekanika. Kutoka Paris akavuka bahari hadi Howard, chuo kikongwe cha Wamarekani weusi jijini Washington, akasomea uhandisi wa anga. Baadaye akaingia JPL, maabara ya NASA iliyoko Pasadena, California, inayoshughulika na vyombo vinavyokwenda kwenye sayari.

Orodha ya safari alizofanyia kazi inatosha kujaza maisha ya watu watatu. Magellan kilikwenda Zuhura mwaka 1989 na kuichora kwa rada kupitia mawingu yake mazito. Galileo kiliondoka mwaka huohuo kuelekea Mshtarii na kufika Desemba 1995. Ulysses kilirushwa mwaka 1990, kikapitishwa kwanza karibu na Mshtarii ili uzito wa sayari ile ukirushe juu ya ncha za Jua, mahali ambapo roketi zetu peke yake zisingekifikisha. Mars Observer kilikatika mawasiliano Agosti 1993, siku tatu tu kabla ya kuingia kwenye mzingo wa Mirihi, na hakikusikika tena. Halafu Mars Pathfinder, chombo mama kilichokibeba Sojourner.

Kwa mtu wa nishati, orodha hiyo ina somo lililojificha. Magellan kilibeba paneli za jua, kwa sababu Zuhura iko karibu na Jua kuliko sisi. Galileo na Ulysses havikuweza: kule Mshtarii mwanga wa jua ni kama sehemu moja ya ishirini na tano ya ule tunaoupata, kwa hiyo vilitumia joto la plutonia, metali yenye mnururisho. Mirihi iko katikati, ikipata asilimia 43 hivi ya mwanga wetu, na hapo wahandisi waliamua kwamba paneli zitatosha ikiwa kila wati itahesabiwa. Mtu aliyekaa miaka karibu na maamuzi ya namna hiyo hawezi kuitazama paneli kama pambo la paa. Swali lake la kwanza juu ya mtambo wowote ni nguvu itatoka wapi, saa ngapi, na itabaki kiasi gani usiku.

Kazi ya rubani

Namwita rubani kwa maana ya zamani ya pwani. Kabla neno hilo halijapanda ndege, rubani alikuwa yule aliyejua miamba, mikondo na milango ya bandari, aliyepandishwa chomboni ili chombo kiingie salama. Kazi ya Diarra ilikuwa ya urubani hasa, ila bahari yake haina maji.

Pathfinder kilirushwa tarehe 4 Desemba 1996 na kutua tarehe 4 Julai 1997. Ni siku 212, katika njia iliyopinda yenye urefu wa karibu kilomita milioni 500. Injini kubwa hufanya kazi dakika chache za mwanzo, kisha chombo huelea tu, kikivutwa na Jua. Anayekiongoza hakioni. Anachopata ni mawimbi ya redio yanayopokewa na antena kubwa za Goldstone kule California, Madrid na Canberra, zilizogawanywa duniani ili kadiri dunia inavyozunguka, moja iwe inakitazama chombo. Mawimbi hayo hubadilika kidogo kadiri chombo kinavyosogea mbali au kukaribia, kama honi ya basi inavyobadilika sauti likikupita barabarani. Kutokana na mabadiliko hayo, rubani hukokotoa kilipo na kinakokwenda, kisha anaamua kama injini ndogo ziwashwe, kwa sekunde ngapi na kuelekea wapi.

Hesabu moja huwa nawapa vijana waifanye wenyewe. Tuseme mwendo wa chombo una kosa la sentimita moja kwa sekunde. Hata sisimizi anaipita sentimita hiyo bila kuhema. Zidisha kwa sekunde za siku 212, ambazo ni zaidi ya milioni 18. Unapata zaidi ya kilomita 180. Eneo lililochaguliwa kwa kutua, katika bonde la Ares Vallis, lilikuwa na urefu wa kilomita 200 hivi na upana wa kama 100. Kosa la sentimita moja lisiporekebishwa linakula karibu eneo lote. Hesabu hii ni ya juu juu, kwa kuwa mvuto wa Jua na wa sayari hulivuta kosa kwa namna yake, lakini inaonyesha kazi ilivyo. Isitoshe, Pathfinder hakikuzunguka Mirihi kwanza ili kujiweka sawa. Kilikwenda moja kwa moja hadi kwenye angahewa, kwa mwendo wa zaidi ya kilomita 7 kwa sekunde, kikitakiwa kuingia kwa pembe ya nyuzi 14 hivi, na nafasi ya kukosea ilikuwa nyuzi moja.

Njiani njia ilisahihishwa mara nne. Chombo kikaingia, parachuti likafunguka, mifuko ya hewa ikavimba, roketi zikapunguza mwendo, na kitu kile kizima kikadunda juu ya mawe zaidi ya mara kumi kabla ya kutulia. Ujumbe wa redio ulichukua zaidi ya dakika kumi kufika duniani, kwa hiyo waliokuwa Pasadena walikuwa wakisubiri habari ya jambo lililokwisha kutokea.

Nimekaa sana hapa kwa sababu hukumu yangu juu ya kisa kizima imetoka hapa. Rubani wa anga hufaulu kwa kumtazama msafiri wake siku 212 na kumsukuma kidogo mara nne. Akiondoka siku ya mia, hata kama siku ya kwanza alirusha vizuri namna gani, chombo hakifiki.

Vumbi na betri

Juu ya Sojourner kulikuwa na jaribio dogo ambalo mafundi wa sola wa Afrika wangepaswa kulijua kwa jina. Lilipima vumbi linalotua kwenye paneli. Kipande cha kioo kilifunika seli moja, kikiondolewa na kurudishwa, na tofauti ya umeme ikaonyesha vumbi limeziba kiasi gani. Jibu lilikuwa asilimia 0.28 kwa siku. Ni kidogo, hadi ukilizidisha kwa siku 100. Miaka ya baadaye vigari vingine vilidumu muda mrefu kwa kuwa upepo wa Mirihi ulikuwa ukivifagilia paneli mara kwa mara, jambo ambalo hakuna aliyeweza kuliahidi wakati wa kuvitengeneza.

Sasa iweke tarakimu hiyo Bamako. Kuanzia Desemba hadi Februari upepo wa harmatani huleta vumbi la jangwani hadi mchana unakuwa na rangi ya maziwa. Halafu huja Aprili na Mei, joto la hewa likifika nyuzi 40, na paneli yenyewe ikipanda zaidi ya 60. Kila nyuzi moja juu ya 25 huondoa karibu asilimia 0.4 ya nguvu ya paneli ya silikoni, kwa hiyo mchana wa jua kali kabisa unaweza kukupokonya asilimia 15 au zaidi ya kile kilichoandikwa mgongoni mwa paneli. Wanafunzi wangu wengi huja wakiamini kwamba joto ndilo linalotengeneza umeme. Kinachotengeneza umeme ni mwanga, na joto ni mwizi. Kuliondoa wazo hilo vichwani mwao hunichukua wiki nzima, na siyo kwa maneno. Tunapima paneli saa mbili asubuhi, tunapima saa nane mchana, tunaimwagia maji, tunapima tena.

Betri ndiyo iliyomaliza kazi ya Pathfinder, kwa kadiri wahandisi walivyoweza kukadiria. Chombo mama kilikuwa na betri ya fedha na zinki iliyochajiwa na paneli mchana ili kukipa joto usiku. Kilitarajiwa kufanya kazi siku 30. Kigari kilipangiwa siku 7. Vyote vilifika siku ya 83 ya Mirihi, tarehe 27 Septemba 1997, na hiyo ndiyo mara ya mwisho data kupokelewa. Kufikia hapo chombo mama kilikuwa kimetuma picha zaidi ya 16,000 na kigari picha 550. Inaaminika betri ilichoka kwa kuchajiwa na kutolewa chaji mara nyingi kuliko ilivyotengenezewa, na bila betri baridi ya usiku ikapenya hadi kwenye vifaa.

Nikisoma habari hizo naiona shule moja ya bweni niliyoitwa kukagua mtambo wake, miaka kadhaa iliyopita. Paneli nane nzuri juu ya paa, chaji kontrola nzuri ya kulinda betri, inveta ya bei ya kugeuza umeme wa betri uwe wa nyumbani. Taa zilikuwa zimezimika mwaka na miezi michache baada ya sherehe ya uzinduzi. Betri zilikuwa za risasi, za kuongeza maji, na ndani ya seli sahani zilikuwa zimekauka na kujaa ukungu mweupe. Hakuna mtu pale aliyewahi kuambiwa habari za maji ya betri. Friji ya soda ilikuwa imeunganishwa moja kwa moja, usiku na mchana. Walioleta mtambo walikuwa wameacha bango lenye majina yao, lakini daftari la matunzo hawakuacha. Niliondoka pale na hasira ambayo haijaniisha, kwa sababu wasichana wa bweni lile walirudi kusomea mishumaa chini ya paneli zilizokuwa zikifanya kazi.

Kurudi na jua

Baada ya Pathfinder, Diarra alipewa kusimamia elimu na habari kwa umma katika programu ya NASA ya Mirihi. Tovuti ya safari ile ilitembelewa mamia ya mamilioni ya mara, wakati intaneti yenyewe ingali changa, kwa hiyo alijua ukubwa wa njaa iliyokuwepo. Mwaka 1998 UNESCO ikamfanya balozi mwema. Mwaka 1999 akaanzisha wakfu wa elimu na maendeleo Afrika, akaupa jina la chombo kilekile, Pathfinder, mtafuta njia.

Ningependa msomaji asimame hapo kidogo. Mtu wa miaka 47, katika maabara inayotafutwa na wanasayansi wa dunia nzima, anaomba apunguziwe kazi. Hakufukuzwa, wala hakuchoka na sayari. Aliona kwamba katika bara lenye jua kuliko mahali pengi, mwanafunzi wa fizikia anaweza kumaliza sekondari bila kuishika seli ya jua mkononi, na akaona lake ni kufanya kitu. Kwa wanaosema wataalamu wetu wakiondoka hawarudi, huu ni ushahidi wa kuwekwa mezani.

Uamuzi wa pili ni wa 2002, alipochukua likizo ili kuanzisha maabara ya nishati ya jua Bamako. Hapa inabidi kujua kwamba hakufika kwenye shamba lisilolimwa. Katika miaka ya 1960 Abdou Moumouni Dioffo, mwanafizikia wa Niger, alishughulika na nishati ya jua Bamako kabla ya kurudi Niamey kuiongoza ONERSOL, ofisi ya taifa ya nishati ya jua, na baadaye kuwa mkuu wa chuo kikuu ambacho leo kina jina lake. Moumouni alikuwa pia mtu wa elimu. Mwaka 1964 alichapisha kitabu kizima kuhusu elimu Afrika. Huko San, mashariki mwa Bamako, padri Mfaransa Bernard Verspieren na shirika la Mali Aqua Viva walifunga pampu za maji za jua vijijini kuanzia mwaka 1977, wakati paneli zilikuwa ghali mno. Mwaka 1999, mwaka uleule wa wakfu wa Diarra, ilianzishwa Mali-Folkecenter, ikijikita kwenye nishati jadidifu vijijini. Na mwaka 2003 serikali ya Mali iliunda wakala wa umeme vijijini, AMADER.

Kwa hiyo Mali ilikuwa na mkondo wa miaka 40 wa fikra na kazi za jua. Kitu adimu alicholeta Diarra kilikuwa sauti ya mtu aliyefika mbali pamoja na nidhamu ya hesabu za safari ndefu. Wazo la maabara lilikuwa sahihi kabisa. Paneli inayopimwa nyuzi 25 kiwandani Ulaya au Asia haisemi lolote kuhusu Mei ya Bamako. Betri inayosifiwa katalogi haijaonja stoo ya bati ya zahanati ya Kayes, magharibi mwa Mali. Vitu hivyo vinahitaji kupimwa hapohapo, na vijana wa hapohapo, miaka mitano au kumi mfululizo, hadi pawe na daftari nene la vipimo ambalo fundi anaweza kulifungua na kusema: kwa joto letu, betri hii usiipe zaidi ya kiasi hiki.

Miaka kumi mfululizo. Hapo ndipo kisa kinapokatika. Likizo ya NASA ilikuwa ya 2002 na 2003, na tayari kazi nyingine ilikuwa imemwita upande wetu wa bara.

Nairobi

Chuo Kikuu cha Afrika kwa Njia ya Mtandao kilianzishwa na Benki ya Dunia mwaka 1997. Mwanzoni mihadhara ilirushwa kwa setilaiti kutoka Marekani na Ulaya hadi kwenye vituo vilivyokuwa ndani ya vyuo vya Afrika, Kenyatta kikiwa kimojawapo. Mhadhiri alionekana kwenye televisheni. Mwanafunzi mwenye swali alipiga simu au kuandika. Mwaka 2002 makao makuu yalihama Washington kwenda Nairobi, na Diarra akakiongoza hadi 2005.

Mtu wa anga kuendesha chuo cha setilaiti kunaonekana kama kiatu na mguu wake. Lakini matatizo yake yalikuwa ya ardhini. Muda wa setilaiti ulilipiwa kwa dola, umeme ulikatika katikati ya kipindi, na masomo yaliyotungwa ng'ambo hayakuoana na mitaala wala vyeti vya hapa. Kuhamia Nairobi kulikuwa na maana kubwa zaidi ya anwani, kwa sababu chuo kilianza kuwa cha nchi za Afrika zenyewe, kikitoka kwenye hali ya mradi wa benki na kuwa taasisi iliyoundwa kwa mkataba wa serikali. Waliowahi kufundisha kwa intaneti wakati wa korona, wakigundua kwamba nusu ya darasa haina chaji, watanielewa nikisema kwamba elimu ya masafa na nishati ya jua vilikuwa tatizo moja lenye majina mawili. Diarra alivishika vyote viwili, kimoja kila mkono, katika kipindi kilekile. Nadhani hakuna mtu mwingine wa wakati ule aliyekuwa na nafasi ya kuviunganisha kama yeye. Hebu fikiria mafundi wa Bamako, Kisumu na Mtwara wakisoma somo moja la betri kutoka maabara moja ya Kiafrika, kila mmoja akipima paa lake na kurudisha vipimo! Mwaka 2002 vifaa vya kufanya hivyo vilikuwepo, japo kwa shida.

Baada ya Nairobi alikuwa mwenyekiti wa Microsoft Afrika kuanzia 2006, hadi 2011 alipojiingiza kwenye siasa. Miezi yake ya uwaziri mkuu naipita haraka. Aliteuliwa Aprili 2012, mwezi mmoja baada ya mapinduzi ya kijeshi, kaskazini mwa nchi ikiwa mikononi mwa makundi yenye silaha. Desemba 2012 askari walimkamata usiku, na alfajiri ya tarehe 11 akatangaza kujiuzulu kwenye televisheni. Aligombea urais mwaka 2013 na tena 2018, mara hiyo ya pili akimaliza wa nne katika duru ya kwanza. Wengine watamhukumu kwa hayo. Mimi ninayepima paneli, naona miezi ile minane kama gharama nyingine tu kwa kazi ya jua: mtu aliyejua hesabu za Ulysses akijaribu kusimamisha dola lililokuwa likianguka.

Ninavyoamua

Wapo wanaosema alitawanyika, na kwamba angebaki Pasadena angefanya mengi zaidi kwa sayansi. Sikubaliani. JPL ilikuwa na marubani wengine wazuri. Bamako haikuwa na mtu mwingine anayeweza kuingia ofisi ya rais yeyote wa Afrika na kuzungumza fizikia akasikilizwa. Kurudi kwake kulikuwa matumizi sahihi ya mtu.

Lililonisumbua katika kukisoma kisa hiki ni mpangilio wa muda. Wakfu 1999, maabara 2002, Nairobi kwa miaka mitatu, kampuni 2006. Kila kimoja ni kizuri, na kila kimoja kilihitaji siku zake 212 za kutazamwa. Wala silitupi lawama lote kwake. NASA ilimpa likizo, si mishahara ya wasaidizi kumi wa kukaa Bamako. Wafadhili hupenda jina kubwa siku ya uzinduzi. Kulipia fundi mchanga apime volti za betri kila asubuhi kwa miaka minane hakuna anayetaka, kwa sababu hakuna picha ya kupiga. Lau ningeulizwa mwaka 2002, ningesema jina la Diarra litumike kuomba fedha za kitu kimoja tu, mishahara ya mafundi na daftari lao, na yeye mwenyewe aende popote anapoitwa. Maabara isiyo na mtu wa kulala nayo hufanana na ile shule ya bweni.

Verspieren, kwa kulinganisha, hakuwa na hata robo ya fizikia ya Diarra. Alikaa San. Alirudi kwenye pampu zilezile mwaka baada ya mwaka, na wanavijiji walizijua kwa kuwa aliyezifunga alikuwa jirani yao. Nikiwapa wanafunzi majina haya mawili pamoja huwa nawaomba wasichague mmoja, kwa sababu nchi inawahitaji wote: anayejua hesabu ya safari, na anayebaki na chombo.

Kuna jambo la Sojourner ninaloliacha hadi mwisho wa muhula. Kigari kile kilikuwa kimepangiwa kwamba kikikosa sauti ya chombo mama kwa siku kadhaa, kirudi karibu nacho na kuanza kukizunguka, kikisubiri amri. Mara ya mwisho kusikika paneli yake ilikuwa ikifanya kazi. Kilichochoka kilikuwa betri ya mwingine, na bila yule mwingine hakikuwa na njia ya kuzungumza na dunia. Pasadena waliendelea kuita hadi Machi 1998. Mwaka jana msichana mmoja wa mwaka wa pili, ambaye kwa kawaida hasemi, aliuliza kama inawezekana kiliendelea kuzunguka kila jua lilipochomoza, kwa siku ngapi hakuna anayejua. Nikamwambia inawezekana. Akaandika kitu kwenye daftari lake, kisha akatoka na ndoo na kitambaa, kwa kuwa wiki ile zamu ya paa ilikuwa yake.